Mbwa wa Mama Scholastique

Bwiza, Bujumbura
4 Machi 2024

Baba mpenzi,

Assalamu alaikum. Mgongo wako unaendeleaje? Na mvua hapo Rumonge, imewaachia barabara? Mi niko mzima, alhamdulillahi. Simu zangu hushiki tena, basi naandika. Barua atakuletea Twalibu wa basi.

Uliyoyasikia ni kweli. Kushona nimeacha. Nachora mbwa na paka wa watu, hasa wa Kinindo. Wananiletea mnyama, nakaa naye mpaka nijue anavyotazama, halafu namchora kwa rangi zinazonijia: mbwa wa kijani, paka wa zambarau. Nilitaka uyasikie na kwangu, si kwa watu wa msikitini tu.

Mwanao,
Assia


Rumonge
19 Machi 2024

Assia,

Waalaikumu salaam. Mgongo ni uleule.

Kuchora kiumbe chenye roho nilikukataza tangu ukiwa mdogo. Na sasa mbwa! Ndani ya nyumba ya marehemu mama yako! Mpaka utakapoacha, usiniandikie. Sina mtoto Bwiza.

Sulemani


Bwiza
2 Septemba 2024

Baba,

Assalamu alaikum. Najua ulinikataza kuandika. Idi mbili zimepita sijasikia sauti yako. Unalala vizuri? Unakula?

Kuna mama mzee Kinindo, mjane, anaitwa Scholastique. Mbwa wake Bijou alikufa mwezi wa saba. Macho ya huyu mama yameingia ukungu: sura za watu hazioni, anaona rangi kali tu, tena kwa karibu. Picha za mbwa zilizo kwenye simu yake kwake ni kivuli. Akaniambia, "Mutoto wangu, mi sitaki ule wa kweli-kweli. Unifanyie ule nitaweza kuona."

Nikamchora kutoka kwenye picha hizo, mkubwa kama mlango, mwili wa njano, masikio mekundu, na nyuma yake bluu tupu. Mama akasogeza uso mpaka pua ikashika rangi. Akapapasa sikio kwa kidole. Halafu akasema, "Sikio lilikuwa linalala hivi. Nilikuwa nimeshasahau." Akalia, na mi nikalia.

Baba, dini unaijua kunishinda, sibishani. Na kuchora sitaacha. Nauliza kitu kimoja tu: we bado ni baba yangu?

Mwanao,
Assia


Rumonge
21 Oktoba 2024

Mwanangu Assia,

Waalaikumu salaam warahmatullahi. Natumaini u mzima. Nimekawia kujibu, na kosa si la mgongo.

Wiki mbili zilizopita nilipanda basi la Bujumbura bila kumwambia mtu. Nilifika mpaka kwenye kona ya nyumba. Mlango ulikuwa wazi. Umekaa chini, libwa limelala mbele yako, na we unaliambia, "Tulia kidogo, rafiki, nimebakiza jicho." Ukacheka peke yako. Tangu tumzike mama yako sijakuona ukicheka.

Nilisimama pale na bidoni langu, dumu la mafuta ya mawese niliyokuletea, nikashindwa kubisha hodi. Ningesema nini, mtu aliyeandika kwamba hana mtoto? Nikarudi na mawese yangu hadi Rumonge.

Kuhusu picha, sijabadili neno. Kwangu hazitatundikwa, na Mungu ndiye atakayetuhukumu sote wawili. Lakini lile neno la mwisho nililokuandikia halikutoka kwenye dini. Lilitoka kwangu. Lifute.

Jumamosi nakuja, inshallah. Safari hii nitabisha hodi. Mbwa umfunge.

Baba yako,
Sulemani