Kutu Niliyoifuta kwenye Likembe Yako

Papa Asukulu,

Amani ya Bwana unayo tayari, kwa hiyo sikutumii. Nakuandikia nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu.

Tangu tukuzike hapa kambini Dzaleka, korale ya kanisa imepata piano ya betri kutoka Lilongwe. Kiongozi akaniambia mbele ya bantu, "Papa Mlondani, likembe hiyo inalia kama mbuzi. Ifuatishe piano ao uiache nyumbani." Bakacheka. Nikavitoa vyuma vyote kumi na moja ulivyokuwa unavipiga kwa vidole gumba, nikavisugua kwa msasa ving'ae kwa Pasaka, nikavifunga upya kufuata piano. Sikuogopa. Nilisema, sikio langu linakumbuka, nitavirudisha.

Nilipotaka kuvirudisha, sikio lilikuwa limeshajaa piano.

Unakumbuka, nikikutengenezea likembe, ulivyokuwa unanipiga mkono nikigusa ile kutu? "Acha hiyo, we!" Mi nilidhani ni uzee. Kumbe kila chuma kilikuwa na mstari wa kutu pale kilipobanwa, na mstari ule njo ulikuwa unaonyesha kipimo chako cha sauti. Tulikimbia Fizi tukaacha ngoma, mashamba, hata makaburi, lakini sauti ile uliifikisha. Mi nimeifuta asubuhi moja. Kwa nini hukuniambia, Papa? Samahani. Lakini kwa nini?

Kwetu vita haijaisha. Niliwauliza waliofika juzi kutoka Uvira: hakuna aliyebeba likembe ya kwetu nipate kuifuatisha. Nikazunguka soko la Biwi kule Lilongwe, nikauliza hata wauza redio. Zikomo, zikomo, asante tu, wanapita.

Halafu mjane wako, Mama Riziki, akaja kuisikiliza. Hakumaliza wimbo. "Huyu si bwana yangu. Huyu ni mgeni amevaa koti yake."

Nililia kama mtoto. Yeye akavuta mkeka, akakaa. "Sogeza hicho cha katikati. Tena. Haraka ya nini? Rudisha!"

Sasa kila Jumatano baada ya maombi tunakaa. Vyuma vinne amevikubali. Cha tano tunakigombania wiki ya tatu: yeye anasema sauti yake ilikuwa chini, mi nasema juu, na we umenyamaza.

Lala kwa Bwana, Papa. Nakuahidi likembe hii haitaingia kanisani mpaka Mama aseme ni wewe. Na hicho cha tano, Jumatano hii nitakifunga kwa sikio lake. Mi nilikusikia kazini tu, ukipigia watu. Yeye alikusikia ukipiga bila kujua kuna mtu anasikiliza.

Mlondani, fundi wako