Ngao Isiyomlinda Aliyeishika

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie, maana nimetengeneza kitu kwa mikono yangu na sasa nakiogopa. Mimi ni fundi cherehani, kitinda mimba katika watoto watatu, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tunabaki mezani kwa mama tukicheza mchezo wa kusimulia: kila mtu anajitwalia shujaa wake, mimi nasimulia nchi wanayopita na mazimwi wanayokutana nayo, na dadu ya pande ishirini ndiyo inayoamua nani kapiga na nani kakosa. Kaka yetu mkubwa, mchomeleaji vyuma, ni askari. Dada yetu, muuguzi, ni mpiga mishale. Na mama, mwalimu mstaafu, usicheke, ni mwizi, na mwizi hodari kweli.

Ukweli ni kwamba mchezo huo niliuanzisha kwa sababu kaka na dada walikuwa hawasemeshani, mwaka wa nne huo, tangu baba alipofanyiwa upasuaji asiamke, kaka akiwa ametia saini bila kumngoja dada, na dada akamwambia mbele ya waombolezaji kwamba yeye ndiye aliyemuua baba, na kuanzia hapo ikawa "mwambieni huyo anisogezee chumvi," na huyo mwenyewe ameketi pale pale, mkono ukinyooshwa unamfikia.

Mwanzo nilikosea. Nilimpa kaka upanga unaokata kila kitu, nikidhani akifurahi atalainika, kumbe akawa anaua mazimwi yote peke yake, dada anachezea simu, mama anasinzia. Tulipokuwa jikoni mama akaniambia, "Mwanangu, sahani ya watu watatu umempa mmoja, halafu unashangaa wengine hawali."

Neno lile nikaenda nalo karakana. Siku hiyo nilikuwa na cherehani inayoruka mshono, nimeifungua tumbo, nikautazama uzi wa juu na ule wa chini kwenye bobini, kazi ya miaka kumi na tano ambayo sikuwahi kuiwaza: hakuna uzi hata mmoja unaoshona peke yake, mshono ni pale nyuzi mbili zinapokamatana. Nikachukua kipande cha boksi, nikachora ngao, nikaandika chini yake: "Haimlindi aliyeishika. Humlinda aliye kushoto kwake, endapo tu aliyeishika atamwambia yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, hatari inayomjia."

Jumapili iliyofuata kaka akaiokota pangoni. Njia nyembamba, kushoto kwake yuko dada. Zimwi likaruka. Kaka akamgeukia mama: "Mwambie ajikinge." Nikasema ngao haikuitika, dada akajeruhiwa. Likaruka tena. Kaka kimya, ameikodolea macho ile kadi. Nikasema dada kapigwa tena, amebakiza pumzi moja. Likaruka mara ya tatu, na hapo, mshauri, kaka akamtazama dada usoni, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau.

"Chiriku, inama! Linakujia juu!"

Na dada akainama. Si shujaa wake. Yeye mwenyewe, paji la uso likagusa meza. Wakaendelea hivyo, "kulia kwako," "nimeliona, kaka," "rudi nyuma yangu," mpaka zimwi likaanguka, na hakuna aliyeshangilia.

Dada akauliza bila kuinua macho, "Siku ile hospitalini ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu. Nilikupigia mara kumi na moja. Daktari akasema tukichelewa..."

"Nilikuwa zamu. Simu ilikuwa kabatini."

"Sikujua."

"Na mimi sikukuuliza."

Mama aliinuka akafungua bomba, maji yakamwagika muda mrefu na hakuosha chochote. Mimi nilikaa nimeshika dadu kama mtu aliyejikuta amesimama mahali patakatifu na viatu miguuni.

Sasa linalonikosesha raha. Ule mruko wa pili, dadu ilisema zimwi limekosa. Huwa naitupa nyuma ya kibao cha boksi ili niione mimi tu. Ilitoka tatu, nikasema kumi na nane. Nilidanganya. Na kaka anawasimulia watu kwamba ni Mungu aliyeiongoza dadu ile, tena anataka niwatengenezee mafundi wake wawili wasioelewana kitu kama hicho, "ila usiwaambie." Nikisema ukweli naogopa nitavunja kilichounganika, nikinyamaza, kila wakicheka pamoja nasikia kumi na nane. Nifanyeje?

Ni mimi,
Fundi Cherehani

*

Fundi,

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, na mhariri wetu, mtu asiyesikiliza barua mpaka mwisho, aliniomba niirudie. Miaka ishirini na mbili nawaandikia ndugu waliokosana "ketini mzungumze," na sijui hata wawili walioketi. Wewe umewaketisha kwa kipande cha boksi. Nimestaajabu, na sioni haya kusema.

Sasa kaa vizuri nikuchambue.

Ngao haina kosa. Kumpa mtu kitu ambacho faida yake iko kwa mwenzake ni ufundi mkubwa, na kaka yako alikuwa na hiari: angeweza kuiweka chini, angeweza kumwacha mpiga mishale afe, ni mchezo tu. Hakutaka. Lile jina la utotoni hukumtia wewe mdomoni, na zile simu kumi na moja hukuzipiga wewe. Acha basi kuiogopa kadi kana kwamba ndiyo iliyosamehe. Wamesameheana watu wawili.

Dadu ni jambo jingine. Mezani pale kila kitu ni cha kubuni isipokuwa dadu. Ndiyo pekee mliyokubaliana wote kuiamini, na wewe ukaitia mkono. Nia njema, sawa. Lakini ndugu hawa waliumia miaka minne kwa jambo ambalo mmoja alilijua na mwenzake hakulijua. Leo unataka kuwaongezea la pili?

Waambie. Wote kwa pamoja, Jumapili hii, kabla vyombo havijaondolewa. Usianze na "niliwafanyia ninyi." Sema, "Ilitoka tatu, nikasema kumi na nane," kisha funga mdomo. Kaka atafoka, mwache afoke, umemfanya amtaje Mungu kwa uongo wako. Na kama undugu wao hauhimili namba moja, bora mjue mama yenu akiwa hai. Sidhani undugu huo utashindwa. Tena mwalimu aliyesimamia mitihani maisha yake yote, unaamini kweli hakuchungulia nyuma ya kibao chako?

Mafundi wa kaka watengenezee, ila wajue ni cha nini, na kila mmoja apate kitu kinachomhitaji mwenzake, asibebeshwe mmoja tu. Kibao kichane. Dadu itupwe katikati ya meza.

La mwisho, na hili hukuniuliza. Umeniandikia uchungu wa kaka, wa dada, hata wa mama kwenye bomba. Wako sijauona. Aliyekufa alikuwa baba yako pia. Mwachie dada kiti cha msimulizi Jumapili moja, wewe ukae na wachezaji, na mtu akikuuliza siku ile ulikuwa wapi, mjibu.