Hesabu za Mwendo Ndani ya Fungate

Jumapili, 3 Agosti
Siku ya tatu ya fungate. Somo yangu anayenifunda unyumba, Bi Rukia, kaleta vitumbua, katufungia mlango tena. Hatutoki mpaka siku saba zitimie. Twaha wangu! Hata anavyopuliza chai napenda. Chini ya mto nimeficha kitabu cha hesabu. Mtihani wa kuingia chuo cha ualimu ni Jumatano, siku ya sita. Mwaka jana maswali ya mwendo yaliniangusha.

Jumatatu, 4 Agosti
Twaha kakiona kitabu. Hakucheka. Nikamsomea swali: njia ya kilomita sita, kwenda kwa kilomita kumi kwa saa, kurudi kwa kumi na tano. Wastani? Nikajibu kumi na mbili na nusu.
Yeye aliishia darasa la nane. Kila asubuhi hupeleka mikate Utange kwa baiskeli, kilomita sita kama hizo, hurudi bila mzigo. "Mke wangu, kwenda ni dakika thelathini na sita. Kurudi, ishirini na nne. Saa nzima, kilomita kumi na mbili. Nusu umeitoa wapi?"
Kwenye mwendo mdogo ndiko anakotumia muda zaidi! Miaka minne ya sekondari nilijumlisha tu na kugawa kwa mbili. Subhanallah, mume huyu.

Jumanne, 5 Agosti
Bi Rukia kaona karatasi kitandani. Ikabidi niseme. "Hii fungate au tuisheni? Bibi harusi hatoki, wallahi!" Twaha akasema atanipeleka mwenyewe na kunirudisha. Bi Rukia akaondoka bila kuaga.
Nimelia. Nikifeli tena, basi.
Swali la mwisho: watu wawili wanaelekeana, kilomita sita baina yao. Mmoja kwa baiskeli, kumi na tano kwa saa. Mwingine kwa miguu, tano. Mwendo unajumlishwa: ishirini. Dakika kumi na nane. Kumbe kila mmoja humfupishia mwenzake njia.

Jumatano, 6 Agosti
Alfajiri Bi Rukia karudi na buibui lake. Kanifunika hadi macho. "Nenda, mwanangu. Wakikuuliza njiani, sema wewe ni Rukia."
Swali la tisa: lori, kwenda na kurudi. Sikugawa kwa mbili.

Alhamisi, 28 Agosti
Nimepita.
Twaha akapiga simu: "Natoka Utange sasa." Nikasema, "Haya." Matokeo sikumwambia. Nikafunga mlango wetu hapa Mishomoroni, nikamwelekea kwa miguu.
Dakika ya kumi na nane nikasikia kengele ya baiskeli.