Utamu Ulioonekana kwa Macho

Kikula, Likasi
15 Septemba 2025

Mpendwa Mwadi, mutoto wa yaya yangu, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu sana. Habari ya afya yako, na ya baridi ya huko Ubelgiji? Sisi hatujambo. Mguu wa mama yako Georgette umepoa. Jana alikwenda misa bila fimbo.

Video uliyotutumia kutoka maabara tuliiangalia tulipotoka misa. Baba yako Gaston alikuwepo, lakini alitugeuzia mgongo. Unajua mwenyewe: tangu ulipoacha udaktari ukaenda kusoma inzi, hataki jina lako litajwe mezani.

Mdogo wako Joëlle akatueleza taratibu. Kumbe ni wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu! Kichwa cha mmoja ni kama punje ya ulezi, nawe unakifungua angali hai. Katika chembe za neva zake kuna kitu kinachong'aa kijani kila kalsiamu inapoingia, na kalsiamu huingia pale chembe inapoamshwa na ladha. Joëlle alisema pia kwamba kwa miezi mingi walikufia mikononi, na hukuacha. Mwanangu, miye hata kutia uzi kwenye sindano kunanishinda.

Tone la sukari likagusa mdomo wa inzi, na mle gizani vikawaka vinuru vya kijani. Mama yako akanishika mkono. Kisha ukaweka kinini, ile dawa chungu ya malaria: vile vikazimika, vikawaka vingine pembeni.

Baba yako aliposikia kinini, akageuza kiti. Akaomba arudishiwe mwanzo. Akauliza kama ni inzi anayeonja kweli, au ni taa tu. Joëlle akamjibu kwamba inzi anaonja, taa inatuonyesha. Baba yako akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Siye wote utamu tunausikiaka na ulimi," akasema. "Mutoto yangu anauona na macho."

Baadaye akaipeleka simu kwa jirani yetu Barthélemy, akamweleza yeye mwenyewe. Alichanganya neva na nyaya za umeme za kiwandani alikofanya kazi, lakini sikuthubutu kumkatiza. Aliporudi, mama yako alimpikia bukari, ugali wetu, na samaki wa Kapolowe.

Joëlle na mama yako wanakusalimu, pamoja na Barthélemy, ambaye sasa anaona haya kuua inzi. Mungu akulindie macho yako na mikono yako hiyo mitulivu.

Ni mimi nikupendaye na ninayejivunia weye,
Mama mudogo Hortense

Baba yako ameniomba kalamu. Haya ni maneno yake:

Mwadi, piga simu Dimanche, baada ya misa. Nitaitika miye mwenyewe. Baba.