Ngamia Aliyevimba Katikati ya Mfarishi

Garissa, Jumatano, 1996

Umelala! Mfarishi umelala bapa, hata kunyanzi moja hakuna. Alhamdulillahi.

Wiki nzima ulikuwa umevimba katikati, na ngamia niliyemshona kwa vitambaa akaonekana ana mimba. Nao ni wa kutundikwa ukutani kwa mjukuu wangu Fardosa, harusi ni Ijumaa. Wakwe wa Wajir wangecheka mpaka basi, na mimi ningeficha uso wapi?

Juzi akaja Halimo, yule mshonaji mkimbizi wa kambi ya Dadaab. "Ayeyo, bibi, ulianza kushona wapi?"

"Ukingoni. Nimefuma mikeka ya nyumba zetu za kuhama kabla mama yako hajazaliwa. Mkeka huanzia ukingoni."

"Huu si mkeka, bibi yangu. Una blanketi ndani. Anzia katikati, ulegevu utokee pembeni."

Nikamfokea. Mtoto wa juzi anifundishe! Akacheka tu, akafumua yote, akatandaza sakafuni, akapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, kutoka katikati, ndipo akanirudishia sindano. Akaniachia na kofia yake ya chuma ya kidole. Miaka yote hii nimejichoma kwa ukaidi wangu mwenyewe.

Macho yanafifia, yananitisha. Sijui kama nitashona mwingine baada ya huu...

Leo alipokuja kuuona nilimwambia tu, "Kunywa chai, umekonda." Shukrani sikuitoa. Kesho nitaisema. Naiandika hapa kwanza, nijizoeze: Halimo, asante, mwanangu.