Kasanduku ka Kubebwa Mgongoni

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimefua nguo mtaa wa Ayany, nyumba mbili. Blanketi tatu. Vidole vimechubuka. Mwende nimemwacha kwa Mama Awino, anayetulelea watoto hapa Mashimoni. Amelia mpaka nikapotea kwa kona. Leo pia hakugusa uji. Mtoto wa miaka mitatu, siku nzima maji tu. Ni tangu Dennis achukue kale kasanduku ka kuimba. Ati kanaenda kurekebishwa. Wiki ya tatu hii. Kalikuwa hakajaharibika.

Jumanne, tarehe 4

Niandike vile ilikuwa, nisije nikaambiwa nimeota.

Dennis ni wa ofisi inayotengeneza vifaa vya kufunza watoto wadogo. Alikuja kwa Mama Awino na kasanduku ka plastiki kenye vitufe. Ukibonyeza, mwanamke wa sauti ya redio anasema, hii ni duara. Watoto walikagonga ukutani wakaenda zao. Mimi ndio nilimwambia, boss, mtoto wa huku haketi afunzwe na sanduku. Yeye hubeba. Mwende hufunga kila kitu mgongoni na leso. Kiatu, mkebe, mguu wa stuli. Basi sanduku liwe mtoto. Lilie. Apigepige mgongo wake, ndio liimbe.

Dennis akakatengeneza vile nilisema, lakini kava ya leso nilishona mimi. Wimbo wa Kikamba niliimba mimi, ule mama alituimbia. Mwende akaanza kula akiwa amekabeba. Kijiko chake, kijiko cha mtoto wake. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Alhamisi, tarehe 6

Mama Awino amenionyesha video. Dennis, suti ya buluu, ukumbi fulani Kawangware. Kasanduku mkononi. Anasema wazo lilimjia akikumbuka utoto wake. Utoto wake! Leso yenyewe ameifunga kama tai. Visanduku vingine vimeshapelekwa nyumba za kulelea watoto huko. Watoto wa wengine wanabembelezwa na sauti yangu, wangu hali chakula.

Sikulia. Atanijua.

Jumamosi, tarehe 8

Amekuja mwenyewe, bila aibu. "Mathee, sauti yako wameipenda vibaya. Tunataka wimbo mwingine. Jumamosi ijayo tuna wageni Kawangware."

Nikauliza jina langu limeandikwa wapi. "Mathee, si tuko pamoja?" Kasanduku ka Mwende je? "Kako ofisini, usijali."

Nikasema sawa, nitaimba. Akanishukuru kwa soda. Nilikunywa yote.

Jumatatu, tarehe 10

Nimerekodi. Nimeimba kwa utamu wote Mungu alinipa. Sauti ni ya kulaza mtoto, maneno ya Kikamba ni yangu: Mwenye suti ya buluu amechukua mtoto wa Mwende, lala. Amechukua akili ya mama yake Mwende, lala. Mwizi ananukia marashi, lala mtoto lala.

Jina la Dennis sikutaja. Mimi si mjinga. Alisikia Mwende tu, akasema vizuri, umemtaja mtoto. Alifunga macho akitingisha kichwa. Maana hakuuliza. Kwake Kikamba cha kulaza mtoto ni usingizi tu.

Ijumaa, tarehe 14

Na wakisema nimeharibu vifaa vyao? Wakinipeleka polisi, Mwende atabaki na nani? Na Dennis akivaa suti nyeusi?

Mama Awino ananicheka. "Nyar Kitui, umeanza, maliza." Kwa Kijaluo chake mimi ni binti wa Kitui.

Nimepiga pasi nguo ya kanisa. Nimeomba avae buluu. Sijui kama hayo ni maombi.

Jumamosi, tarehe 15

Alivaa buluu.

Ukumbi ulijaa. Akina mama Wakamba wa Machakos na Kitui safu tatu nzima, watoto mapajani. Dennis akakafungia kasichana ka sweta ya kijani sanduku mgongoni. Kasichana kakapigapiga. Wimbo ukaanza.

Mama wa kwanza alicheka ndani ya shali. Halafu jirani yake. Halafu safu yote. Dennis naye akacheka, akidhani wamefurahi.

Mama mmoja mnene akasimama. "Kijana, unajua unaambiwa nini?"

"Ni wimbo wa kulala, mathee."

"Wa kulala? Lala basi! Unaitwa mwizi, na suti imetajwa rangi!"

Madam, mkubwa wa ofisi yao, hakucheka. Akataka mstari kwa mstari. Yule mama akatafsiri kwa raha, na mikono. Madam akauliza mama Mwende ni nani. Nikasimama. Nikasema yote, leso, kubeba, kubembeleza, na kasanduku ka mtoto wangu kako wapi. Dennis aliangalia viatu vyake.

Nilisikia utamu. Sitadanganya kitabu changu mwenyewe.

Lakini wakaanza kukusanya masanduku, ati mpaka wimbo ubadilishwe. Kasichana ka sweta ya kijani kalishikilia kake kwa mikono yote miwili. Wakakavuta. Kalilia vile Mwende hulia. Hiyo sikuwa nimepanga.

Alhamisi, tarehe 20

Madam amekuja na karatasi. Ameandika jina langu kama lilivyo kwa kitambulisho. Mtengenezaji, imeandikwa, ni mimi na ofisi. Nimemfanya anisomee mara mbili. Dennis alikuwa nyuma yake, akasema pole. Bado ana kazi. Ningependa asiwe nayo.

Nimemwambia madam wimbo tutaurekodi upya Kawangware, na nitaanza na sanduku la kasichana ka sweta ya kijani.

Jumapili, tarehe 23

Tumetoka kanisani. Jana niliimba upya, wimbo wa mama, bila kuongeza neno. Watoto wa Kawangware wamerudishiwa visanduku vyao. Mwende pia kake.

Amekula ugali na sukuma, kijiko chake, kijiko cha mtoto. Sahani imebaki nyeupe. Sasa jua liko kwa mlango na amelala kifudifudi kwa mkeka, kasanduku mgongoni, leso imekaza. Sijaifungua.