Pasipoti Kwenye Kioo cha Kinyozi

Tarehe 2 Machi

Baba, shikamoo. Natumai mgongo umepoa na mama hajambo. Mimi mzima, ila nina haraka. Ule mkutano wa fizikia ya nadharia, wafadhili wamenikubalia: tiketi, chumba, chakula, vyote juu yao, maana wanawasaidia watafiti vijana tusio na kitu. Profesa ninayetaka anisimamie masomo ya uzamivu atakuwepo, kasema tutaongea uso kwa uso. Miadi ya viza ni Ijumaa tarehe 13, na ubalozi unataka pasipoti yenyewe, ile niliyokuachia uwaonyeshe jamaa. Mpe kondakta huyu anayekuletea barua. Mimi nasimamia mitihani, siwezi kutoka.

Binti yako akupendaye

Tarehe 5 Machi

Binti yangu, marahaba. Mgongo wangu ni chuma, aliyekuambia unauma ni mama yako tu. Habari nimezipata na mtaa mzima umezipata. Pasipoti nimeibandika kwenye kioo cha kazini, kila anayekaa kitini anakuona wewe kabla hajajiona yeye. Fundi baiskeli kauliza hiyo fizikia inatengeneza nini, akacheka, nikamnyoa upande mmoja nikamwambia nenda. Jioni alirudi na adabu.

Hilo la kondakta, hapana. Mtu anayesahau chenji za watu nimpe jina langu? Nitaileta mwenyewe. Nashonewa suti, nataka huko ubalozini wajue umetoka kwa nani. Tulia. Mimi sijawahi kuchelewa jambo.

Ni mimi baba yako, kinyozi asiye na mpinzani

Tarehe 7 Machi

Baba, shikamoo. Pole na kazi. Nakuomba, Baba. Ubalozini mzazi haingii, anaishia getini. Barua zako zote analeta kondakta huyo huyo, hajapoteza hata moja. Nikikosa miadi hii hakuna nyingine kabla ya mkutano, na wafadhili wana watu wa akiba wanaongoja mmoja wetu ateleze. Simu nimepiga mpaka naona aibu. Suti utaivaa siku ya kunisindikiza.

Binti yako

Tarehe 10 Machi

Binti yangu, marahaba. Simu naiona inaita. Sipokei kwa sababu utalia na mimi nitalainika. Suti imebaki mkono mmoja. Mama yako kaninunia, ananisukumia sahani kama mpangaji. Ofisi kubwa haifungi mlango kwa siku moja mbili, hata mimi mteja wa heshima akichelewa namngoja.

Baba yako

Tarehe 17 Machi

Baba, shikamoo. Jana ulifika na suti yako, ukampa mkono mlinzi wa chuo, ukamwambia wewe ndiye uliyenizaa. Miadi ilikuwa Ijumaa iliyopita. Nafasi yangu kapewa mwingine. Profesa kaandika kwamba ataongea na huyo.

Ulipoondoka, hukuniachia pasipoti.

Binti

Tarehe 20 Machi

Binti yangu, hujambo. Ungeifanyia nini sasa? Iko kwenye droo, chini ya mataulo, kwa sababu watu nimewaambia umeshapanda ndege. Kwa hiyo usije nyumbani mpaka huo mkutano uishe, utaniumbua. Na uniandikie mambo ya huko, niwasomee wateja. Andika vizuri.

Baba yako

Tarehe 30 Machi

Wasomee hii.

Wateja wa baba, ukumbi ni mzuri, nasikia. Aliyekaa kwenye kiti changu simjui. Mimi niko chumbani kwangu, nasahihisha mitihani. Pasipoti yangu iko kwenye droo hapo mbele yenu, chini ya mataulo. Fungueni muione.

Tarehe 12 Aprili

Binti yangu, salamu nyingi. Barua yako nimeibandika kwenye kioo, pale pale. Bahasha tu, ya ndani sijaitoa mbele ya watu. Wakiuliza, nasema imeandikwa kwa lugha ya wasomi. Fundi baiskeli alitaka ajaribu kuisoma, nikamwambia mikono yake ina grisi.

Pasipoti nilimpa kondakta juzi. Amerudi nayo. Anasema chumba chako kina mpangaji mwingine. Nimemfokea, nimemwambia hajui kutafuta. Kesho nampa tena, pamoja na barua hii.

Baba